Nimemwandikia mgeni "beseech", akauliza kama kampuni inafilisika

"Shikamoo mwalimu. Niko Moshi, kazi yangu ni kujibu barua pepe kwenye ofisi ndogo ya kupandisha wageni mlimani. Mgeni mmoja wa Uingereza alikuwa hajamalizia malipo na safari yake ya njia ya Machame imebaki wiki tatu. Nikamwandikia kwa heshima: 'We humbly beseech you to pay the remaining balance.' Alilipa siku hiyohiyo, ila akauliza kama mambo yetu yako salama, kana kwamba tunafilisika. Bosi amesema hilo neno nisilitumie tena, niandike 'You must pay'. Kwenye kamusi nimeona ni kusihi, kuomba sana, na kanisani kwenye ibada ya Kiingereza nalisikia. Rafiki yangu anasema ni neno lililokufa zamani. Kosa langu ni nini hasa? Lina tofauti gani na beg na plead? Wakati uliopita ni beseeched au besought? Na je, naweza kulitumia kwenye maombi ya mjomba wangu? Ana shauri la kiwanja kwenye baraza la ardhi Arusha, na ameambiwa alete majibu kwa maandishi."

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe wasiwasi: hujamtukana mgeni, wala hujaandika Kiingereza kibovu. Sentensi yako imenyooka. Kitenzi kiko mahali pake, anayeombwa amefuata, kisha "to" na kitenzi cha pili. Hata tahajia umeipata, na wengi huanguka kwenye hizo herufi tu. Kilichomshtua mgeni wako ni jambo jingine, na kamusi haikuwa na nafasi ya kukuonya.

"Beseech" ni ombi la mtu aliyekwisha kuishiwa njia. Anayelitamka yuko chini, anayeambiwa yuko juu, na linaloombwa ni zito: uhai wa mtu, msamaha, ndoa isivunjike. Kamusi inasema "kusihi", na kwa maana haijakosea. Lakini ukinitaka nikutajie neno la Kiswahili lenye uzito uleule, nitakwambia "nimekuangukia". Mama anamwendea mzee wa ukoo usiku, anasema, "Baba, nimekuangukia, mwanangu asifukuzwe nyumbani." Hiyo ndiyo "beseech". Sasa chukua uzito huo wote uutie kwenye salio la malipo ya kupanda mlima, halafu ongeza na "humbly" mbele yake. Mgeni ameisoma barua yako akaona ofisi nzima imepiga magoti kwa ajili ya pesa yake. Kwa nini asiulize kama mnafilisika?

Wewe hukukusudia hivyo, na najua ulikotoka. Ulifikiri kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili "kusihi" ni neno la kila siku. Mkuu wa wilaya anawasihi wananchi wasijenge mabondeni. Shule inawasihi wazazi walipe ada mapema. Tangazo la maji linawasihi wateja wahifadhi maji kwenye ndoo kwa sababu mabomba yatafungwa Jumamosi. Hakuna anayesoma matangazo hayo akadhani mkuu wa wilaya anatokwa na machozi. Neno limezoeleka hadi limekuwa amri iliyovishwa adabu.

Kiingereza kilikwenda njia nyingine, na mahali pa kuiona vizuri ni hukohuko kanisani unakolisikia. Fungua Warumi 12:1. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, inaanza na "I beseech you therefore, brethren". Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea inasema "nawasihi". Hapo yanalingana sawasawa. Lakini tazama tafsiri za Kiingereza za siku hizi: moja imeandika "I urge you", nyingine "I appeal to you". Watafsiri wenyewe waliliacha neno, kwa kuwa msomaji wa leo halitumii nyumbani wala kazini. Letu likashuka kwenye mbao za matangazo, lao likabaki kanisani. Kwa Kiingereza neno hili sasa ni joho la kwaya: limepigwa pasi, siku yake likivaliwa linapendeza, ila hulivai kwenda soko la Kilombero kununua vitunguu.

Kwa hiyo rafiki yako naye kakosea kidogo. Halijakufa. Liko kwenye sala, kwenye mashairi, kwenye tamthilia, kwenye hotuba ya mtu anayetaka kugusa dhamiri za watu, na pia kwenye utani, pale Mwingereza anapomwomba mwenzake ampishe bafuni huku akijifanya mhusika wa mchezo wa Shakespeare. Utani huo unachekesha kwa sababu wote wawili wanajua uzito wa neno.

Na lisikudanganye ukadhani ni neno la wanyonge tu. Tarehe 3 Agosti 1650 Oliver Cromwell, jemadari aliyekuwa ameingia Scotland na jeshi lake, aliliandikia Baraza Kuu la Kanisa la huko barua yenye sentensi ambayo Waingereza wanainukuu mpaka leo: "I beseech you, in the bowels of Christ, think it possible you may be mistaken." Yaani anawasihi, kwa huruma za Kristo, wafikiri kwamba huenda wamekosea. (Hayo "matumbo" ya kwenye Kiingereza chake ndiyo huruma, watu wa zamani waliziweka huruma tumboni, kama sisi tunavyoziweka moyoni.) Mwezi mmoja baadaye, tarehe 3 Septemba, aliwapiga vitani Dunbar. Mtu mwenye mizinga alichagua neno la kupiga magoti, kwa kuwa alichotaka wakati ule ni dhamiri zao. Ndiyo maana nasema neno lina nguvu kubwa. Nguvu hiyo haikuumbwa kwa ajili ya kudai salio, basi.

Umeuliza wakati uliopita. Ndani ya "beseech" kuna "seek", kutafuta. Hiyo "be-" ya mbele inakoleza tu. Zamani kitenzi hicho kilikuwa na matamshi mawili, moja la "k" na moja la "ch". Kikiwa peke yake kilishika "k", kikabaki "seek". Kikiwa na "be-" kilishika "ch". Lakini wakati uliopita wanafanana bado: "seek" hutoa "sought", na "beseech" hutoa "besought". "Beseeched" nayo ipo, imetumika kwa karne kadhaa, na kamusi nzuri huzikubali zote mbili. Kwenye mtihani au usomaji wa kanisani chukua "besought", hakuna atakayekugusa. Ukilisoma kwa sauti, mkazo uko silabi ya pili na irabu yake ni ndefu.

Sasa nikae kidogo kwenye kosa kubwa zaidi ya hilo neno moja, maana ndilo litakalokurudia kesho kwa neno jingine. Umeamini kwamba kadiri neno la kuomba linavyokuwa zito, ndivyo adabu inavyozidi. Kwetu ni kweli kwa kiasi chake. Kiswahili hujenga adabu kwa kujishusha: "naomba", "samahani", "chonde", "nisamehe nikusumbue". Ukiingia mgahawani unasema "naomba chai", na ni adabu tupu ingawa utailipia. Mwanafunzi wangu akiihamisha kama ilivyo anasema "I beg for tea", na mhudumu wa kizungu anamwona ombaomba.

Kiingereza hujenga adabu kwa kumwachia mwenzako nafasi ya kukataa, hata kama wote mnajua hatakataa. Ndiyo kazi ya "could" na "would". Kwa umbo ni vitenzi vya wakati uliopita, lakini hapo havisemi habari za jana. Vinalisogeza ombi mbali kidogo na uso wa mtu. Alama ya kuuliza nayo inasaidia. "Could you send the balance by Friday?" ni adabu kamili. Hakuna aliyepiga magoti, hakuna aliyeamrishwa. "Please" ikiongezwa inatosha, na "kindly" tunayoipenda sana Afrika Mashariki si kosa, ila Mwingereza huisikia kama sauti ya ofisi, wakati mwingine sauti ya ofisi iliyokwisha kuchoka naye.

Kuhusu hao ndugu zake. "Beg" ni la kawaida kuliko yote na lina nyuso nyingi. Ombaomba wa barabarani anafanya "beg". Rafiki akimwambia mwenzake "I'm begging you", anambembeleza kwa nguvu, na hapo ni sawa. Halafu kuna misemo iliyoganda ambayo haina kuomba kokote: "I beg your pardon" ni "samahani" au "umesemaje?", na "I beg to differ" ni "mimi sikubaliani nawe". Zile "abeg" unazozisikia kwenye filamu za Kinaijeria ni tafadhali yao ya mtaani; mgeni wa London huenda asikuelewe. Na "I beg to apply", inayopatikana kwenye mifano ya barua iliyofotokopiwa tangu enzi za mkoloni, iache ilipo.

"Plead" lina historia ya kutosha kujaza ukurasa, na watu wa Arusha wana haki nalo ya pekee. Liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa, baada ya Wanormandi kuiteka England mwaka 1066. Wakubwa wakawa wanasema Kifaransa, na kesi zikaendeshwa kwa lugha hiyo. Kwa hiyo "plead" limezaliwa mahakamani, na harufu hiyo haijalitoka. Lina kazi mbili ambazo wanafunzi huzichanganya.

Ya kwanza ni kusihi kwa maneno mengi, kwa kurudiarudia, na hapo sharti lifuatwe na "with": "She pleaded with him to stay." Ukiandika "I plead you" umekosea, ni lazima "I plead with you". "Beseech" na "beg" hazihitaji kiungo hicho. Kazi ya pili ni kujibu shtaka. Tarehe 1 Mei 1998, pale kwenye jengo la mikutano la kimataifa Arusha ilikokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda, Jean Kambanda, alisomewa mashtaka ya mauaji ya kimbari akafanya "plead guilty". Hakuwa anamwomba mtu chochote. Alikuwa anakiri makosa, na Septemba mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha maisha. "Plead guilty" ni kukiri kosa. "Plead not guilty" ni kukana. Nimewahi kuona tafsiri iliyosema mshtakiwa "ameomba hatia". Ukisoma hivyo kwa haraka utadhani mtu anaomba radhi, wakati amekwisha kuifungua njia ya hukumu.

"Implore" ni jirani wa karibu wa "beseech", limetoka Kilatini na ndani yake mna kulia. Linavumilika zaidi kwenye gazeti la leo. "Entreat" ni la vitabuni. Hayo mawili yatambue ukiyasoma, yatosha.

Neno ulilokuwa unalitafuta bila kulijua, ukiwa na "nawasihi" ya matangazo kichwani, ni "urge". Hilo hutoka kwa mwenye mamlaka au ujuzi kwenda kwa anayepaswa kusikiliza: "We urge all climbers to drink plenty of water." Kwa tahadhari za mlimani ni zuri sana. Kwa pesa bado ni kali. Na ukitumia "request" kama kitenzi, usiliwekee "for" nyuma yake. "I request for leave" imejaa kwenye ofisi zetu zote na bado si sahihi. "For" hukaa baada ya "request" ikiwa nomino.

Kwa kuwa uko kwenye kazi ya mlima, nikupe mahali ambapo maneno haya mazito yana kazi ya kweli. Mgeni yuko kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, kichwa kinamuuma, anayumba akitembea, maneno yake yameanza kuchanganyika, na bado anataka kilele kwa sababu amelipa. Kinachomwokoa mtu huyo ni kushuka. Guide akimwambia "I'm begging you, please come down with me", hakuna Mwingereza atakayecheka. Uzito wa neno na uzito wa jambo vimekutana. Na wewe ukiandika ripoti baadaye, "The guide pleaded with him to descend" ni Kiingereza safi. Ila mimi kwa maoni yangu guide hapaswi hata kubembeleza hapo. "You are going down now" ndiyo sentensi ya mtu mwenye dhamana, na mtu ambaye akili imeanza kumruka haelewi "could you".

Turudi kwenye salio. Bosi wako yuko sahihi kulikataa neno, ila dawa aliyoiandika ni chungu kuliko ugonjwa. "You must pay" inasema kweli, kwa kuwa mkataba upo na tarehe ilipita. Lakini kama ujumbe wa kwanza kwa mtu ambaye pengine amesahau tu, inamfunga mlango usoni, naye ndiye atakayeandika maoni ya nyota ngapi akirudi kwao. Ningeiweka akiba kwa barua ya tatu, na hata hapo ningesema "Payment is now overdue", ambayo inalilaumu deni badala ya mtu.

Mimi ningeandika hivi: "Could you please send the remaining balance by Friday? We need to pay your park fees before the climb, and we cannot start without them." Angalia sentensi ya pili, ndiyo inayofanya kazi. Wewe unajua kwamba ada za hifadhi zinalipwa serikalini kwa "control number", yaani namba ya malipo, kabla mgeni hajafika getini, yeye hajui. Mpe sababu, na hutahitaji kumsihi. Ukitoa sababu na tarehe, ombi linasimama lenyewe. Usipotoa, utajikuta unatafuta neno zito la kuliegemeza, na ndivyo "humbly beseech" ilivyoingia kwenye barua yako.

Kama bado unaogopa imekuwa kavu, kuna nyingine laini zaidi: "We would be grateful if you could send…" Ni rasmi kidogo, inafaa mteja mzee au shirika. Kwa kijana anayekuandikia "Hi guys", ni ndefu mno.

La mjomba wako ni tofauti kabisa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Usilitumie "beseech" huko, na wala usianze kumwandikia kwa Kiingereza kabisa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza ya kutoa haki nchini. Kiingereza hutumika pale tu inapobidi. Mjomba ana haki ya kueleza jambo lake kwa lugha anayoiota usiku. Akikutana na nyaraka za Kiingereza kutoka upande wa pili, ataona neno "prays": "the applicant prays for the following orders". Huyo mwombaji hayuko kanisani. "Pray" ya mahakamani ni orodha ya anachotaka apewe: atambuliwe kuwa mmiliki, alipwe fidia, arudishiwe gharama. Nyaraka zenyewe huitwa "pleadings", na humo hamna kusihi. Mna madai na majibu. Anayeandika "nakusihi mheshimiwa unionee huruma" bila kusema kiwanja alikipata lini, kwa nani, na nani alishuhudia, huruma anaweza kuipata na kiwanja akakikosa.

Hapo ndipo kazi yangu inaishia na ya mwingine inaanza. Mimi ni mwalimu wa lugha. Naweza kukusahihishia barua ya mgeni hata kwa simu. Majibu ya shauri la ardhi yanahitaji mtu wa sheria akae na mjomba ana kwa ana, asome karatasi zote. Kama hana uwezo wa wakili, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inayowatambua watoa msaada wa bure, wakiwemo wasaidizi wa kisheria ngazi ya jamii. Aulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri ni nani anahudumu eneo lake. Vivyo hivyo kwa yeyote aliyeitwa kujibu shtaka: usikiri wala kukana kwa kutegemea tafsiri ya simu, mwulize wakili kwanza. Hata ofisini kwenu, mgeni akianza kutaja kurudishiwa pesa na mwanasheria wake, acha kuijibu hiyo barua wewe mwenyewe, mpelekee bosi.

Mjomba aende na hati au karatasi za mauziano, risiti, majina ya mashahidi, na ile karatasi aliyopewa na baraza. Aitazame hiyo ya mwisho leo, kwa sababu ina tarehe ya kuleta majibu, na ikipita, shauri linaweza kusikilizwa bila upande wake.